Siku moja ya magofu: Mangapwani, Kizimkazi au Pemba?

Mtoto wa kaka yangu anasoma Arusha. Mwaka juzi alikuja likizo na picha tele za safari ya skuli. Asubuhi walikuwa chini ya Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa moto ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu. Mchana mtembeza wageni akawapitisha kwenye kuta za mawe na mifereji ya Engaruka, makazi ya wakulima wa kale chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Yote siku moja. Akaniuliza, "Shangazi, na huku kwenu mtanipeleka wapi?"

Mlima wa moto hatuna. Jiwe la Unguja limetoka baharini: ni matumbawe ya zamani sana yaliyobaki juu ya maji, mvua ikayala mpaka ikayatoboa mapango. Lakini mtu akitaka maajabu ya maumbile, na jirani yake magofu ya waliotutangulia, na mtu wa kumweleza, kisha magharibi imkute nyumbani, njia nzuri ninazozijua ni tatu. Nimezipita zote, mara na wazee, mara na watoto, na kila Disemba skuli zikifungwa huulizwa ipi bora. Jibu langu hutegemea anayeuliza amefuatana na nani.

Njia ya kwanza ni ya kaskazini mwa Mji: Maruhubi, Mtoni, Kidichi, na kumalizia Mangapwani. Ya pili ni ya kusini: msitu wa Jozani, kisha msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Ya tatu ni ya Pemba: ngome ya Pujini, au magofu ya Ras Mkumbuu pamoja na kisiwa cha Misali.

Nitazipima kwa mambo yale yale: njia na saa zake, mawe yenyewe, maumbile yaliyo jirani, mtu wa kukuongoza, miguu ya unaofuatana nao, na mfuko.

Njia na saa

Kaskazini ndiko karibu. Maruhubi na Mtoni ziko pembeni mwa barabara ya Bububu, hata daladala ya 502 inakushusha. Kidichi unapanda kutoka Bububu kuelekea mashamba ya viungo, na Mangapwani iko zaidi ya kilomita 20 kutoka Mjini. Ukitoka saa mbili asubuhi kwa gari ya kukodi, saa tisa umemaliza bila kukimbizana, sala na chakula vikiwemo. Mwenye nusu siku aende Kidichi na Mangapwani tu, hayo mengine atayapitia siku yoyote.

Kusini ni mbali kidogo ila barabara ni nzuri: Jozani kama kilomita 35, Kizimkazi zaidi ya 50. Anza na msitu asubuhi kabla jua halijakolea. Ijumaa usipange msikiti kati ya saa sita na saa nane. Ule ni msikiti unaosaliwa, na wenyeji hawapaswi kusubiri mgeni atoke ndipo wapange safu.

Pemba niseme wazi: siku moja ya Pemba ni kwa mtu aliyelala Pemba. Ukitoka Unguja kwa boti unashukia Mkoani, na mpaka upate gari uelekee mji wa Chake Chake, asubuhi imekwisha. Ndege inafupisha mambo, lakini kurudi jioni ile ile ni kujitesa. Lala Chake usiku mmoja, halafu siku yako ihesabike kuanzia alfajiri. Pujini haiko mbali, kama kilomita 10 kusini mashariki ya Chake. Ras Mkumbuu iko kwenye ncha ya ardhi ndefu iliyoingia baharini, upande wa magharibi. Kwa nchi kavu unapita kijiji cha Ndagoni, njia mbaya, na mwisho wake ni miguu. Watu wengi wanakwenda kwa boti kutoka bandari ya Wesha, karibu na Chake, wakaunganisha na Misali. Na hapo ndipo bahari inapokuwa na neno lake, nitalirudia.

Mawe yenyewe

Magofu ya kaskazini ni ya jana ukilinganisha na mengine, karne ya 19, lakini ndiyo yanayokwenda kwa mfuatano kama kisa. Mtoni ni kasri kongwe la wafalme wa Unguja. Seyyid Said alikaa hapo, na binti yake Salme, aliyekuja kuolewa na Mjerumani, alizaliwa hapo mwaka 1844. Liliungua mwaka 1914. Maruhubi lilijengwa na mwanawe, Seyyid Barghash, likamalizika mwaka 1882, nalo likaungua mwaka 1899. Zimebaki nguzo nene zimesimama zimebeba hewa, na hamamu yake, yaani nyumba ya kuogea. Kidichi ni hamamu nyingine, ya mwaka 1850, Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi. Ingia, kisha kaa kimya kwanza utazame ukutani. Chokaa imefinyangwa maua na ndege kwa mkono wa fundi ambaye hakuwa na haraka, tofauti kabisa na kuta tupu za majengo ya Waomani wa wakati ule.

Halafu Mangapwani. Yapo mapango mawili na watu wanayachanganya. Moja ni la Mungu, lina maji baridi ndani, nitalieleza mbele. La pili ni chumba cha watumwa, kilichochongwa na watu ndani ya jiwe na kuezekwa juu. Kinanasibishwa na mfanyabiashara Mohammed bin Nassor al-Alwi. Mwezi wa Juni 1873 Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Mjini. Biashara haikufa siku ile. Ilijificha, na Mangapwani ni moja ya mahali ilipojificha. Mtu aliyeona asubuhi nguzo za Maruhubi, jumba la starehe la Barghash huyo huyo, akishuka mchana ngazi za chumba kile anaielewa karne ya 19 ya Unguja kwa miguu yake.

Nilishuka na mama mdogo, tulikuwa watu saba. Mtembezaji alituomba tusiseme kitu, akazima tochi. Mwanga uliobaki ulikuwa mwembamba kama uzi. Jiwe lilikuwa limelowa, na nilipouegemea ukuta kiganja kilitoka na unga mweupe. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Walikuwa wanalala wapi?" Hakuna aliyemjibu. Mama mdogo akaanza kusoma Fatiha, na sote tukaitikia.

Kusini jiwe ni moja tu, lakini jiwe gani! Msikiti wa Kizimkazi Dimbani kwa nje unaweza kuupita bila kugeuka, umeezekwa mabati kama nyumba yoyote ya shamba. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, yaliyochongwa katika jiwe la bahari, na mwaka umeandikwa: 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Kwa pwani yote ya Afrika Mashariki, maandishi ya Kiislamu ya zamani kuliko hayo yenye tarehe yake ni nadra mno. Msikiti ulijengwa upya karne ya 18, ila mihrabu ikabakishwa. Sogea uzitazame herufi vizuri. Vichwa vyake vimejikunja na kuchanua kama mche unaotoa jani, na kingo bado ni kali baada ya miaka zaidi ya 900. Nje kuna makaburi ya zamani, na wenyeji watakusimulia habari za mfalme Kizi na fundi wake Mkazi: jinsi Kizi alivyoomba dua wavamizi walipokuja, nyuki wakatoka wakawafukuza, na jinsi waliporudi mara ya pili Kizi alivyoingia pangoni, mdomo wa pango ukajifunga nyuma yake.

Pemba ndiko kwenye magofu yanayomtaka mtazamaji afanye kazi. Pujini ni ngome ya karne ya 15, ya mtawala anayeitwa Mkama Ndume, mkamuaji wa wanaume, na jina halikutoka hewani. Inasimuliwa kuwa aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Leo utaona tuta la udongo, mabaki ya ukuta, ngazi, na kisima. Kisima hicho kina ukuta katikati. Wapemba wanasema alikuwa na wake wawili wasiopikika chungu kimoja: mmoja akiteka maji kwa ndoo na kamba kutoka juu, mwenziwe akishuka kwa ngazi upande wake, wasionane nyuso. Chini ya ardhi watafiti wa mambo ya kale walikuta chumba chenye sura ya siwa iliyotengenezwa kwa lipu ukutani. Siwa, pembe ya kifalme! Kwa mtu anayeijua heshima ya siwa katika miji ya Waswahili, hilo peke yake linatosha kumtoa Unguja.

Ras Mkumbuu ni mji mzima uliokufa. Kuna msikiti mkubwa ulioporomoka na makaburi ya mnara ya karne ya 14. Kwenye baadhi ya makaburi utaona vishimo vya duara vilivyokuwa vimebandikwa bakuli za Kichina. Tia kidole ndani ya kimoja. Fundi alikipima kwa bakuli lenyewe, na chokaa bado imeshika umbo lake.

Pango, msitu, kisiwa

Pango la Mungu la Mangapwani lina ngazi za kushukia na maji matamu chini. Kisa chake ni cha mtoto mtumwa aliyekuwa akichunga mbuzi wa Hamed bin Salim el-Harthy: mbuzi mmoja akapotea, mtoto akafuata sauti yake, ikamfikisha mdomoni mwa pango. Kwa hali ya hewa ndiyo sehemu baridi kuliko zote katika safari tatu hizi. Ila ni dogo, nusu saa inatosha.

Jozani ndiyo tajiri kwa maumbile. Tangu 2004 ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kilomita za mraba 50, na ndiko anakoishi kima punju, ambaye kwa asili yake hapatikani mahali pengine duniani ila Unguja. Watoto wanampenda kwa sababu haogopi: anakaa juu ya tawi mkono mmoja mbali nawe, mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimemzunguka uso, anatafuna majani. Kima hawa wanakula hata makaa, yanawasaidia kupunguza sumu ya majani wanayoyala. Usimguse wala usimlishe, ugonjwa wa binadamu unaweza kumpata. Ukimaliza msitu, vuka uende kwenye njia ya mbao iliyopita juu ya mikoko. Habari za kufukuza pomboo Kizimkazi mimi nimeziacha. Nimeona boti zikimzunguka pomboo mmoja pande zote hana pa kuibukia, na moyo ulikataa.

Misali ni kitu kingine. Msitu, mchanga, maji ambayo unaona samaki kabla hujazamisha uso. Imekuwa eneo la hifadhi tangu 1998. Wavuvi wanasimulia kwamba Nabii Khidhr alipofika aliomba msala, wakamwambia hawana, akasema basi kisiwa hiki, kwa kuwa kimeelekea kibla, ndicho kitakuwa msala wangu. Ndipo jina likatoka. Maji ya kunywa beba mwenyewe.

Sasa lile neno la bahari. Mara ya kwanza tulikwenda Mkumbuu siku mbili baada ya mwezi mpevu. Aliyetupangia safari hakuuliza maji. Tuliondoka Wesha saa mbili asubuhi bahari ikiondoka, na kabla ya saa nne boti ikakaa mchangani, magofu tunayaona kwa mbali kama kiwiko na kidole. Nahodha akaning'oa matumaini: "Dada, hapa mpaka saa nane." Tukavua viatu tukapita kwenye tope la mikoko, mama mdogo ameshika kanga mkononi, ndala yake moja ikabaki humo humo. Makaburi tuliyaona kwa dakika 20, tumechoka, tumekasirika.

Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa kabisa saa nne na zaidi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndiyo maji yamejaa. Kwa hiyo Mkumbuu ya asubuhi iweke siku za maji mafu. Ukikutwa na bamvua, tangulia Misali, Mkumbuu uje alasiri. Muulize nahodha, usimuulize mwenye hoteli. Na wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma kwa nguvu, chukua Pujini ya nchi kavu uiache bahari.

Mtu wa kukuongoza

Hapa sina suluhu: magofu bila msimulizi ni rundo la mawe, na msimulizi mbaya ni hasara kuliko kutokuwa naye. Kaskazini watembezaji ni wengi. Chukua mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, na kabla hujakubaliana muulize swali moja: mapango ya Mangapwani ni mangapi? Akikuchanganyia lile la Mungu na lile la watumwa, mshukuru, mtafute mwingine. Waambie mapema pia kama mnataka maelezo kwa Kiswahili. Wengi wamezoea kueleza kwa lugha za wageni, na wakigeukia Kiswahili wanafupisha, kana kwamba sisi tunajua tayari.

Jozani wana watembezaji wao langoni, wanaijua miti kwa majina, na siku zote nimetoka nimeridhika. Kizimkazi anayefaa ni msimamizi wa msikiti. Msalimie, omba ruhusa, subiri. Pemba watembezaji wenye vyeti ni wachache, ila mzee wa Pujini aliyekulia pembeni mwa ngome ana visa ambavyo hutavipata kwa mwingine. Mpe nafasi asimulie kwa mwendo wake.

Miguu na mavazi

Kwa wazee wenye magoti mabovu, kusini ndiko kwa amani: Jozani ni tambarare na Kizimkazi ni hatua chache kutoka kwenye gari. Kaskazini wanaweza Maruhubi na Kidichi, ila ngazi za Mangapwani ni kali na zinateleza. Mama mdogo alishuka kwa kushikwa pande mbili. Pujini ni majani na miiba, vaa viatu vya kufunga. Mkumbuu usimpeleke asiyeweza kuruka kutoka kwenye boti mpaka kwenye maji ya magotini.

Mavazi hayahitaji maneno mengi kwa sisi: kanga au buibui, suruali ndefu. Wageni mnaofuatana nao waelezeni kabla ya kuondoka, si mlangoni.

Mfuko

Kaskazini ni rahisi kuliko zote, hasa mkichangia gari. Kusini kinachoongezeka ni kiingilio cha Jozani, na mwenyeji analipa kidogo kuliko mgeni, basi usisahau kitambulisho. Pemba ni ghali: nauli ya kuvuka, kulala, boti ya Misali. Boti inalipwa kwa safari, haihesabu vichwa, kwa hiyo mkiwa sita au wanane mzigo unapungua sana.

Nani aende wapi

Una siku moja tu kabla ya boti ya jioni kurudi Dar, au unaongoza darasa la wanafunzi wanaosoma historia ya karne ya 19: kaskazini. Watoto wa chini ya miaka minane usiwashushe chumba cha watumwa. Waache pango la maji na mtu mzima mmoja.

Una bibi, mtoto mchanga na kijana anayechoka upesi ndani ya gari moja: kusini. Kila mmoja atapata lake, na bibi atapata rakaa mbili ndani ya msikiti wenye miaka zaidi ya 900.

Umekwisha kuyaona ya Unguja, au una asili ya Pemba na hujawahi kuijua zaidi ya nyumba ya jamaa: Pujini siku ya kwanza, Mkumbuu na Misali siku ya pili, kwa kufuata maji.

Unapenda kimya, hutaki kukutana na basi la wageni: Pujini, siku ya kazi, asubuhi.

Masika ikiwa imekolea: kaskazini, lakini Kidichi zaidi kuliko mapango, kwa sababu ya utelezi. Jozani inapendeza hata ikinyesha, beba dawa ya mbu.

Mtoto wa kaka yangu nilimpeleka kaskazini, kwa kuwa alikuwa na siku moja. Mwaka huu anakuja na wiki nzima. Nimekwisha kumuuliza nahodha wa Wesha lini mwezi utakuwa nusu.